Nikimwomba, Jueni Si Mimi

Nyumbani kwetu hatukugombana. Tulijadiliana, na nikuambie ukweli, heri kugombana. Watu wakigombana wanarushiana maneno, wananuniana, halafu mmoja anaomba chumvi mezani na mambo yanakwisha. Ukijadiliana na mtu unabaki na hoja yake kama mwiba wa samaki kooni, haushuki wala haupandi.

Aliyetulea hivyo ni mama. Alikuwa fundi makochi, na karakana yake ndiyo ninayofanyia kazi mimi leo: chumba kirefu chenye mlango wa bati unaofungukia barabarani, meza pana ya kukatia vitambaa katikati, cherehani dirishani, sponji zimepangwa mpaka darini. Kila Jumamosi mchana kazi ilisimama, watu wakakalia makochi ya wateja yaliyovuliwa nguo, na mama akatupa swali. Mtu akitenda wema kwa kuogopa kusemwa, ni wema? Jambo ambalo hakuna anayelikumbuka, liliwahi kuwapo? Na kochi la mkunga, ambalo limekwisha kubadilishwa kitambaa, sponji, springi, na mwisho hata mbao, ni kochi lile lile, au mkunga anakalia kochi la mtu mwingine bila kupewa taarifa?

Mkunga alikuwa rafiki wa mama wa kufa na kuzikana, nusu ya mtaa ule imepita mikononi mwake. Yeye alijibu, "Makalio yangu yanalijua. Ni lile lile." Mama akamwambia makalio si hoja. Walibishana juu ya kochi lile mpaka nikaolewa, na nilipoachika nikarudi nikawakuta bado wanabishana.

Kikao kilikuwa na kanuni moja tu. Huruhusiwi kupinga hoja ya mwenzako kabla hujaisema wewe, kwa kinywa chako, vizuri kuliko alivyoisema yeye, mpaka mwenyewe akubali: "Ndiyo, hiyo ndiyo yangu." Ukishindwa unapewa koleo, unang'oa misumari ya kochi bovu mpaka jioni. Utotoni niling'oa misumari mingi sana, kwa sababu mimi hoja nisiyoipenda hainitoki mdomoni. Kaka yangu hakuwahi kushika koleo. Yeye ni mfamasia sasa, lakini tangu mdogo tulimwita Mizani. Akiweka neno upande huu lazima aweke jingine upande wa pili, na ukimwuliza kama ameshiba atakuambia inategemea shibe ni nini.

Baba hakuwamo katika vikao hivyo. Baba aliondoka siku mdogo wetu wa mwisho, Kipipi, alipougua ugonjwa uliomwua, na hakuja hata mazikoni. Kwa miaka yote hiyo mama hakumtaja kwa jina wala kwa tusi. Jambo pekee alilosema juu yake alilisema siku daktari alipompa jina la maradhi yake.

Alikuwa ameanza kusahau. Mwanzoni mikasi, kisha wateja, kisha njia ya kurudi kutoka sokoni. Siku hiyo alirudi kutoka hospitali akafunga mlango wa bati mchana kweupe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya siku ya kazi, akatukalisha mimi na kaka.

"Nisikilizeni wakati bado ninajua ninachosema," alisema. "Kuna siku nitasahau kwamba nilimkasirikia yule mwanamume. Nitamtaka. Asije akanishika mkono. Hata nikimwomba aje, msimruhusu. Nikimwomba, jueni si mimi ninayeomba."

Kaka, kama kawaida yake, akauliza, "Mama, kama si wewe, atakuwa nani?"

"Atakuwa mtu anayekaa ndani yangu. Mlisheni, mwogesheni, mpendeni mkitaka. Lakini asinifanyie maamuzi." Akatutazama mmoja mmoja. "Apeni."

Tukaapa. Kaka aliapa polepole kidogo kuliko mimi.

*

Ikawa kama alivyosema. Kichwa kilimtoka, mikono ikabaki. Hakulijua tena jina langu, ila ukimpa koleo na kochi bovu aling'oa misumari mmoja baada ya mwingine, anaidondosha kwenye kopo, anaimba kwa midomo iliyofungwa. Nilimweka kwenye kigoda karibu na mlango apate mwanga. Nitasema bila aibu kwamba tulikuwa na furaha. Maswali yake sasa yalikuwa mepesi: jua limetoka? Kipipi amekula? Nilimjibu ndiyo, ndiyo. Funika kombe mwanaharamu apite. Kwake yeye Kipipi alikuwa hai, yuko chumba cha ndani amelala, na mimi sikuona sababu ya kumwua mtoto mara ya pili.

Halafu akatokea baba.

Alisimama mlangoni mchana mmoja, mzee mwembamba, kofia mkononi. Mimi sikumjua. Mama alimjua. Uso wake uliwaka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake, akasema, "Leo umewahi kurudi," akamnyooshea mkono.

Hapo nikamjua. Nilikuwa na nyundo na sikuiweka chini.

"Toka," nikamwambia.

"Mwanangu, nimesikia anaumwa..."

"Mwanao yupi? Hebu wataje wote. Toka!"

Alitoka, ila hakwenda mbali. Ng'ambo ya barabara kuna fundi viatu mwenye benchi la wateja, na kuanzia siku hiyo baba alikuwa anakuja asubuhi anakaa pale, anatazama mlango wetu, jioni anaondoka. Fundi viatu alinitania kwamba nimempa mteja asiye na viatu vibovu. Sikucheka.

Ndani hali ikaharibika. Mama akawa anauliza, "Baba yenu hajarudi?" Nikisema hajarudi, analia. Nikisema atarudi, anakataa kula mpaka arudi, wale pamoja. Sahani inapoa mbele yake, amekaa wima kama mgeni, ananisubiri nimletee mtu ambaye mimi ndiye niliyemfukuza. Akakonda mpaka gauni lake likawa linamteleza mabegani.

Kaka alikuja akamwona, akaniambia, "Mdogo wangu, mruhusu yule mzee aingie."

"Tuliapa."

"Tulimwapia nani? Aliyetuapisha hayupo. Aliyepo hakutuapisha."

"Acha maneno yako ya Jumamosi, kaka. Huyu ni mama."

"Kama huyu ni mama, basi mama anamtaka mumewe. Kama si mama, basi kile kiapo hakimhusu."

Nilitaka kumpiga na kopo la misumari. Hakuna kitu kinachoudhi kama mtu anayesema uongo uliopangika vizuri, isipokuwa mtu anayesema kitu kilichopangika vizuri na wewe hujui kama ni uongo. Tuliendelea hivyo wiki nzima, yeye akija na dawa na hoja, mimi nikipokea dawa tu. Mwishoni mkunga akachoka na sisi.

"Kama mnagombana, gombaneni kwa kanuni ya mama yenu," alisema. "Jumamosi, hapa hapa. Mimi nitakaa katikati. Atakayeshindwa akubali."

*

Jumamosi ile nilifungua mlango wa bati nusu. Mkunga alikaa kwenye kochi lake lile lile, au lile jingine, ambalo lilikuwa limerudi kwa mara nyingine kubadilishwa springi. Kaka alisimama karibu na cherehani. Mimi niliegemea meza ya kukatia. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo kwetu, koleo mkononi, anaimba wimbo wake usio na maneno.

"Aanze mdogo," mkunga alisema. "Sema hoja ya kaka yako."

Nikaisema. Nilisema kwamba mtu si kisa chake cha zamani, mtu ni yule anayesikia njaa leo. Nilisema kwamba ahadi ni kamba, na mtu hana haki ya kuifunga kamba hiyo kwenye shingo ya mtu atakayekuja baadaye, hata kama mtu huyo atavaa mwili wake. Nilisema kwamba wosia wa maiti tunauheshimu kwa sababu maiti hasikii uchungu tukiuheshimu, lakini mama anasikia. Maiti hakai mlangoni akilia. Nilipokuwa ninasema nilishangaa, kwa sababu maneno hayakunikwama. Yalitoka laini, na mengine sikuyasikia kwa kaka, niliyatunga mwenyewe.

Nikamgeukia. "Ndiyo yako?"

Kaka akatikisa kichwa. "Bado. Umeacha moja, na unaijua."

"Sijaacha kitu."

"Umeacha."

Mkunga akanitazama juu ya miwani. "Kanuni ni kanuni, binti yangu. Sema au shika koleo."

Nilijua ni ipi. Niliivuta kama msumari wenye kutu. "Kwamba mimi simkatalii baba kwa ajili ya mama," nikasema. "Kwamba ninamkatalia kwa ajili yangu mimi. Kwamba mimi ndiye ninayetaka akae kwenye lile benchi mpaka afe, na mama nimemfanya ngao tu."

"Ndiyo," kaka akasema kwa upole. "Hiyo ndiyo yangu."

Uso ulinichoma. Nilimchukia wakati ule, na nilimchukia zaidi kwa ule upole. "Haya, zamu yako, Mizani," nikasema. "Sema yangu. Na usiiseme kifamasia. Iseme yote."

Mkunga akainua kidole, kama anataka kusema jambo kabla. "Mimi nina langu moja, halafu nanyamaza zangu," alisema. "Nimepokea watoto maisha yangu yote. Hakuna hata mmoja aliyetoka anajijua. Hana jina, hana kumbukumbu, hajui mkono wake ni wake. Na kila mmoja nilimweka kifuani kwa mama yake nikasema, huyu hapa, ndiye. Sikusema, subirini kwanza awe yeye. Basi mkisema mtu asiyejikumbuka hayupo, niambieni mimi nilikuwa napokea nini."

Mama aliangusha msumari koponi.

Kaka akavuta pumzi, akaanza. Sijawahi kusikia mtu akisema hoja yangu vile, wala mimi mwenyewe. Alisema kwamba mtu ni neno lake. Kwamba mwili hubadilika kama kochi la mkunga, kitambaa leo, mbao kesho, na kumbukumbu nazo huondoka, na kitu pekee ambacho mtu anaweza kukipeleka mbele yake mwenyewe, kivuke mpaka upande ule ambako hatakuwapo, ni neno aliloliacha kwa watu waaminifu. Alisema kwamba mama alijua anazama, akatupa kamba kwetu, akasema shikeni, na sisi tukiiachia kwa sababu mkono uliopo majini umesahau kuishika, basi sisi ndio tunaomzamisha.

"Nzuri," nikasema. "Lakini si yote. Hujasema kwa nini."

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini hakutaka ashikwe mkono na mtu yule. Mimi kanuni naijua pia, kaka. Sema au shika koleo."

Kaka alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini aliposema hilo jambo sauti yake ilirudi kuwa ya mtoto. "Kwa sababu siku ile Kipipi alipozidiwa na homa, baba alisema anakwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Mama alimvalisha Kipipi viatu ili wawe tayari gari likifika. Wakakaa hapo mlangoni, kwenye kigoda hicho hicho. Gari halikuja. Baba hakuwa ametafuta gari. Alikuwa amekwenda kwa mke wake mwingine, mji wa pili, akabaki huko. Mama alimsubiri kwa sababu alimwamini, na alipoacha kumsubiri ilikuwa imechelewa. Alimbeba Kipipi mgongoni, akaenda kwa miguu. Sisi tulikuwa nyuma yake, mimi nimekushika mkono wewe. Kipipi alikufa mgongoni mwake pale karibu na daraja, na mama hakujua, aliendelea kutembea na kumsemesha. Akamzika na majirani. Hakuna mtu aliyemshika mkono kaburini. Ndiyo maana alisema yule mtu asimshike tena." Akajifuta macho kwa kiganja. "Hiyo ndiyo yako?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo.

Ndipo nikatambua kwamba kuna kitu kimekosekana chumbani. Wimbo. Na sauti ya misumari koponi.

Mama alikuwa amegeuka kwenye kigoda. Koleo lilikuwa limeanguka.

"Kipipi amekufa?" aliuliza.

Tulikuwa tumemjadili mbele yake kama kochi. Watu watatu wenye akili timamu, tunabishana kama mtu huyu yupo au hayupo, na hakuna aliyekumbuka kugeuka kumtazama. Mkunga alisimama haraka mno, akajishika kiuno. Kaka alikimbilia kigodani, akapiga magoti. "Hapana mama, hapana. Ni hadithi tu. Tulikuwa tunasimuliana hadithi ya watu wengine."

"Usinidanganye," mama akasema. "Nimekusikia. Mgongoni mwangu." Akapeleka mkono nyuma, akajipapasa mgongo, taratibu, mahali mtoto anapobebwa.

Kisha akapiga ukelele. Sikuusikia ule ukelele siku Kipipi alipokufa, kwa sababu siku ile mama hakulia, alikuwa na sisi wawili wa kurudisha nyumbani. Ulikuwa umengoja ndani yake miaka yote hiyo, na sisi ndio tuliokwenda kuufungulia mlango, kwa kanuni, mmoja baada ya mwingine, kwa ufasaha mkubwa. Nilimkumbatia akanisukuma. Mkunga alimkumbatia akamsukuma.

"Mwiteni baba yenu," alisema. "Siwezi kumzika mtoto peke yangu. Mwiteni aje."

Kaka akanitazama. Kwa mara ya kwanza sikuona hoja machoni pake. Niliona hofu tu.

Kiapo kilikuwa wazi kichwani mwangu, kila neno. Nikimwomba, jueni si mimi ninayeomba. Lakini mtu aliyekuwa analia mbele yangu alikuwa analilia jambo la kweli, lililompata yeye na si mtu mwingine, na alikuwa anaomba kitu ambacho siku ile hakuwa na mtu wa kumwomba. Kama huyu si mama, basi huo msiba aliutoa wapi?

Nilisukuma mlango wa bati mpaka mwisho. Baba alikuwa kwenye benchi la fundi viatu, kofia gotini. Alikuwa amesimama tayari, bila shaka alisikia ukelele. Nilimpungia mkono aje. Mkono wangu mwenyewe, ule ule ulioshika nyundo.

Mkunga alimpokea mlangoni. "Kwake yeye, mtoto amekufa leo," akamnong'oneza. "Nenda kwa akili."

Baba aliingia. Naapa nilimwonea huruma, nikaikasirikia hiyo huruma. Alisimama mbele ya kigoda. Mama alikuwa ameacha kulia. Alimtazama kuanzia viatuni, akapanda polepole, magoti, kofia, kifua, mpaka akafika usoni. Na ule uso uliokuwa ukimtazama sikuwa nimeuona tangu siku mlango ulipofungwa mchana kweupe. Ulikuwa uso wa fundi. Uso wa mtu anayejua anachosema.

"Umechelewa," mama akasema. "Nimeshamzika."

Kaka alishika ukingo wa meza. Alikuwapo. Wakati wote huo tulipokuwa tunabishana kama aliyetuapisha ameondoka, alikuwapo humo ndani, na mimi nilikuwa nimemletea mlangoni mtu yule yule ambaye mama alituapisha tusimruhusu.

Baba alipiga magoti kwenye vumbi la sponji. Labda alikuwa ameyabeba maneno yale kwa miaka mingi, labda ndiyo aliyokuwa anayafanyia mazoezi kwenye benchi. Yalikuwa mengi na hayakupangika. Alisema alikuwa mwoga. Alisema alifika nusu ya njia kurudi, akaona watu wanatoka makaburini, akageuka. Alisema hajawahi kulala usingizi wa mtu mwenye haki. Alisema, "Nisamehe, mama watoto. Nakuomba unisamehe."

Aliyasema yote akiwa ameinamisha kichwa, na kwa hiyo hakuona kitu tulichokiona sisi. Alipokuwa bado kwenye "mwoga," uso wa mama ulianza kulegea. Alipofika makaburini, ulikuwa umekwisha kuondoka. Alipoinua macho kungoja jibu, mama alikuwa anamtazama kwa furaha ile nyingine, machozi ya msiba bado hayajakauka mashavuni.

"Nikusamehe nini?" aliuliza, akacheka. "Inuka, unajichafua. Na usipaze sauti, Kipipi amelala."

Nadhani baba alielewa. Msamaha aliouomba ulikuwa na mtu mmoja tu wa kuutoa, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yake dakika ile ile iliyopita. Alifunika uso kwa kofia.

"Mbona analia huyu?" mama aliniuliza mimi. "Amechoka. Mpe mahali akae, tumsubiri mtoto aamke tule."

Kaka alikuja akasimama kando yangu. "Sijui," alisema. Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kusema neno hilo bila kuliongezea jingine. Safari hii hakuongeza.

Basi nikaamua mimi. Nilimwinua mama, nikamleta akakaa kigodani mbele ya meza ya kukatia. Nikachukua kigoda kingine nikamsogezea baba, lakini nilikiweka upande wa pili wa meza ile pana, mahali ambapo mkono haufiki. Nilijiona nimepata jibu. Huyu wa leo atamwona mumewe na atakula. Yule wa siku ile hatashikwa. Baba alikaa bila kuuliza. Aliweka mikono mapajani, chini ya meza, kama mtoto aliyekatazwa.

Na mama alikula. Nilimletea sahani akala yote, anamtazama baba, anatabasamu, anamwuliza kuhusu kazi. Mkunga alikuwa analia kimyakimya kwenye kochi lake.

Kisha mama akanyoosha mkono juu ya meza. Ulipita juu ya chaki na mkasi na vipande vya kitambaa, ukafika katikati, ukaishia hapo. Alijisogeza mbele kidogo. Haukufika. Akanigeukia, amekunja uso.

"Mbona umemweka mbali hivyo?"

"Ni wewe uliyesema, mama."

"Mimi?" Alicheka kwa mshangao wa kweli, akamtazama kaka, akamtazama mkunga, kama anatafuta shahidi. "Mimi siwezi kusema neno kama hilo. Atakuwa mtu mwingine huyo."

Na mkono hakuuondoa.